Msituhamishie stesheni porini!

Kuna kauli moja imekuwa ikinikera kwa muda mrefu na leo nimeamua kuitoa moyoni. Nimeisikia kwenye vikao vya harusi, nimeisikia kwenye vifodi, na nimeisikia hata kwa waandishi wenzangu ambao nilitegemea wawe wanajua kitu. Inasema hivi: stesheni ya Moshi imepitwa na wakati, reli ya kisasa ikija itajengewa stesheni huko nje ya mji kwenye nafasi, na hapa mjini pabaki makumbusho. Au bora zaidi, pakatwe viwanja watu wajenge maduka.

Anayesema hivyo kwa kawaida ana gari.

Mimi ni mtoto wa Sanya Juu. Najua mtakachoniambia: "Wewe wa Sanya Juu unajua nini kuhusu treni? Kwenu haijawahi kufika!" Ni kweli, haijawahi kufika, na hilo nalo nitalizungumzia maana lina hadithi yake. Lakini sisi tunaotoka mbali na reli ndio tunaojua zaidi gharama ya kuiweka mbali. Kila anayetoka kwetu kwenda Dar anaanza kwa kushuka Boma Ng'ombe, kisha Moshi mjini, ndipo safari yenyewe inaanza. Ukimwongezea safari nyingine ya kwenda kuitafuta treni porini, umeshamfukuza kwenye treni.

Sasa tuanze na historia kidogo, kwa sababu watu wengi wanaotaka stesheni iondoke mjini wanadhani mji ulikuwepo kwanza, halafu stesheni ikaja kubanwa ndani yake. Wamegeuza mambo juu chini.

Moshi ya kwanza haikuwa hapa chini. Ilikuwa mlimani, kule ambako leo sote tunakuita Old Moshi, kwa Mangi Rindi na baadaye kwa mwanawe Meli. Ni huko Wajerumani walikoweka boma lao, na ni huko walikomnyonga Mangi Meli pamoja na wenzake Machi 1900. Hapa palipo na mnara wa saa, stendi, benki na foleni za bodaboda palikuwa uwanda wa chini tu.

Kilicholeta mji hapa ni treni. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Kampuni iliyoianzisha ilikwama fedha njiani, serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua mwaka 1899 na kuendelea nayo. Walifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18! Siku nyingine ukimsikia mtu anasema Mjerumani alikuwa hachelewi mradi, mpe hesabu hiyo.

Treni ile haikuweza kupanda mlima hadi Old Moshi. Reli yake ina upana wa mita moja, na hakuna fundi mwenye akili timamu ambaye angeipandisha kwenye miteremko na makorongo yale kwa ajili ya kufika bomani. Basi ikasimama tambarare, chini kabisa ya mteremko. Hapo ilipoishia pakawa mji. Ofisi zikashuka, maduka yakaja, maghala yakajengwa, watu wakafuata. Jina nalo likashuka. Mji mpya ukaitwa Moshi, na Moshi yenyewe ikabaki kuitwa "ya zamani" kwenye ardhi yake yenyewe! Watu wa kule walinyang'anywa hadi jina kwa sababu ya stesheni. Kwa hiyo mnaposema stesheni imeufuata mji na kuubana, jueni kwamba mji ndio ulioifuata stesheni.

Hebu tuangalie na ramani. Simama pale mnara wa saa. Jengo la KNCU liko hapo jirani, stendi ya mabasi unaifikia kwa mguu, soko unalifikia kwa mguu, na Barabara ya Stesheni inakupeleka relini kwa dakika chache, pia kwa mguu. Mama mwenye begi na mtoto mgongoni anaweza kushuka kwenye treni, akanunua mkate, akapanda gari la Rombo, Marangu, Machame au Boma Ng'ombe bila kumlipa bodaboda hata shilingi. Hii si bahati. Mji wote umepangwa kwa kuifikiria stesheni.

Halafu kuna uwanja wenyewe wa stesheni. Wengi wanaoutazama wanaona reli nyingi zimelala sambamba, nyasi katikati, maghala pembeni, wanasema, "Eneo lote hili linafanya nini?" Nitawaambia lilikuwa linafanya nini. Moshi ilikuwa mwisho wa reli kwa miaka mingi. Mwisho wa reli si sawa na kituo cha kushusha abiria wawili na kuondoka. Kichwa cha treni kikifika lazima kifunguliwe, kizunguke, kirudi kufungwa upande wa pili. Mabehewa ya mizigo lazima yapangwe, haya ya kahawa, yale ya mafuta, yale matupu yanayosubiri. Injini za mvuke zilihitaji maji na mahali pa matengenezo. Mizigo ilihitaji maghala ambayo behewa linaegeshwa mlangoni. Vyote hivyo vinataka ardhi pana, na ndiyo sababu ardhi ya reli pale Moshi ni pana.

Na ndiyo sababu inatamaniwa. Tusidanganyane. Wengi wanaosema stesheni imepitwa na wakati hawana ugomvi wowote na treni. Wanaipigia hesabu ardhi. Eneo kubwa, tambarare, katikati ya mji, limezungukwa na barabara: nani asingelitaka? Lakini jiulize, ukishalikata vipande, utakuja kulipata wapi tena? Reli unaweza kuing'oa na kuilaza upya. Eneo kama lile ukishaligawa, wajukuu zako watakuja kulinunua kwa fidia ambayo hata sitaki kuifikiria.

Najua yupo atakayeniambia, "Ndugu yangu, unatetea masalia ya mkoloni." Sawa, tulizungumze hilo, maana mimi si mtu wa kumsifia Mjerumani wala Mwingereza.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya babu yangu. Ilijengwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi na kwa ajili ya bandari ya Tanga. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza walilaza reli ya kijeshi kutoka Voi kuja Taveta na kuingia Kahe, ili walete askari na mizinga kupambana na Wajerumani. Moshi waliiteka Machi 1916. Baada ya vita reli hiyo ya Voi ikafanywa ya kudumu, na kahawa ya Kilimanjaro ikaanza kwenda Mombasa badala ya Tanga. Mwaka 1929 wakaifikisha reli Arusha, kilomita 86 nyingine, na hapo napo hoja kubwa ilikuwa mashamba ya walowezi.

Sisi wa Sanya tunajua vizuri walowezi maana yake nini. Mwaka 1947 ripoti ya Jaji Wilson ilipendekeza ardhi ya katikati ya mlima Kilimanjaro na mlima Meru, huko Sanya, iwe ukanda mmoja wa Wazungu. Mwaka 1951 Wameru wakafukuzwa Engare Nanyuki kwa nguvu kutokana na mpango huo huo. Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kwenda kuushitaki utawala wa Mwingereza. Kwa hiyo msinifundishe habari za mkoloni, tafadhali.

Hata mji wenyewe ulipangwa kibaguzi. Mzungu alipanda juu kwenye ubaridi na miti, Shanty Town. Mhindi akakaa katikati na duka lake. Mwafrika akapewa Majengo. Ndani ya treni ilikuwa vivyo hivyo, daraja la tatu ndilo lililokuwa letu.

Lakini wazee wetu walifanya nini? Hawakukaa wakilia. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao cha wapanda kahawa, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU. Kahawa ikatoka vihambani ikiwa mikononi mwa chama chao wenyewe, ikashuka Moshi, ikapita kwenye maghala yale yale na mabehewa yale yale yaliyojengwa kumtajirisha mwingine. Fedha hizo zilijenga shule, zikasomesha watoto, zikaleta mabati na matofali milimani. Reli ya mkoloni waliigeuza ikawafanyia kazi. Leo sisi wasomi, wenye simu za kisasa na digrii ukutani, tunataka kuitupa kwa sababu aliyeijenga alikuwa mbaya? Basi na barabara tuzing'oe. Na hospitali. Na Kiingereza mnachochapia kwenye usaili wa kazi.

Tuendelee. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, kilijengwa kipande cha reli kutoka Ruvu hadi Mnyusi, kikaunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Hapo ndipo mtu wa Moshi alipoweza kupanda treni na kushuka Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na ile njia ya Voi ikapoteza kazi yake. Ikafuata miaka ya ukata. Vichwa vilichakaa, vipuri havikuwepo, mabasi yakachukua abiria na malori yakachukua mizigo. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ikafa. Kuna kizazi kizima cha watoto wa Kilimanjaro, na mimi nimo, kilichokua kikijua kwamba stesheni ni jina la barabara tu.

Kisha likatokea jambo ambalo wataalamu wa vikao vya harusi hawakulitarajia. Julai 2019 treni ya mizigo ikarudi Moshi. Desemba 2019 ikarudi ya abiria kutoka Dar, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Reli ile ile, ya upana ule ule wa mita moja, iliyokuwa imeota nyasi. Na watu wakapanda! Hawakuuliza reli ina umri gani. Waliuliza nauli ni kiasi gani na inaondoka saa ngapi.

Wala haikuwa bahati mbaya kwamba ilirudi Desemba. Hapa nazungumza na wenzangu mnaokwenda "kuhesabiwa", kama wanavyotutania. Tunatupiwa utani huo kila mwaka na tunacheka, lakini safari yenyewe haichekeshi. Kuanzia katikati ya Desemba nusu ya Dar inataka kupanda kwenda kaskazini. Nauli inapaa. Mwaka mmoja nilikata tiketi kwa wakala mmoja ambaye sitamtaja, akaniandikia bei halali kwenye karatasi na kunidai nyingine mkononi. Nilipouliza akaniambia, "Kaka, kama hutaki, nyuma yako wako kumi." Na kweli walikuwepo. Nikalipa. Ningefanyaje? Mama alikuwa ameshachinja mbuzi kichwani mwake, ananisubiri.

Fedha ni jambo dogo. Tuzungumzie roho za watu. Ile barabara ya kutoka Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same hadi Mwanga inajulikana. Kila mmoja wetu ana jina la mtu aliyebaki kwenye barabara ile. Juni 2025 tu, pale Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo viligongana na kuwaka moto. Walikufa zaidi ya watu 35 kwa mara moja. Wengi walikuwa wanakwenda harusini. Tulilia, tukatoa rambirambi, tukasema madereva wapunguze mwendo, tukarudi barabarani kwa sababu hatuna pa kwenda.

Treni ni pa kwenda. Sisemi treni haina matatizo. Inachelewa, mvua zikizidi tuta linaharibika, na usiku ni mrefu. Lakini unalala ndani ukaamka Moshi. Hakuna dereva anayelipita lori kwenye kona kwa sababu konda amemwambia kuna abiria Hedaru. Kwa mtu wa kipato cha chini, kwa mwanafunzi, kwa mama mwenye watoto watatu, stesheni iliyo hai katikati ya mji ni suala la kufika nyumbani mzima.

Sasa tufike kwenye SGR, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Mimi naitaka SGR. Niandike kwa herufi kubwa ili nisije nikasingiziwa: NAITAKA. Tangu mwaka 2024 mtu anatoka Dar hadi Dodoma kwa treni ya umeme chini ya saa nne. Ni jambo la kujivunia, na sioni kwa nini kaskazini tusiwe nayo. Mpango wa kutoka Tanga kupitia Moshi na Arusha hadi Musoma umezungumzwa kwa miaka mingi sasa. Ukija, karibu sana. Ugomvi wangu ni mmoja: stesheni ya Moshi itakuwa wapi?

Jirani zetu wa Kenya wametutangulia, tuwaangalie. SGR yao ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Stesheni kongwe ya Nairobi iko katikati ya jiji. Nairobi nayo, kama Moshi, ilizaliwa na reli, ilikuwa kambi ya wajenzi mwaka 1899. Lakini treni mpya haifiki pale. Stesheni yake iko nje, upande wa Syokimau. Ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa. Kwa hiyo Mkenya anapanda matatu kuifuata treni, kisha anapanda treni, kisha anapanda matatu nyingine kuingia mjini. Baadaye ikabidi waweke treni za kuunganisha kutoka stesheni kongwe ya Nairobi kwenda kwenye mpya. Maana yake ni nini? Walirudi kule kule mjini walikokimbia, kwa sababu watu ndiko waliko.

Sisi wenyewe tuna mifano yote miwili. Dar es Salaam stesheni ya SGR ilijengwa kando ya stesheni kongwe, jengo lenye umbo la Tanzanite, na ukitoka nje uko mjini, Kariakoo unakwenda kwa mguu. Hiyo ndiyo akili. Lakini Morogoro stesheni mpya iko Kihonda, na Dodoma iko Mkonze. Waulize watu wa huko wanalipa kiasi gani kwa bodaboda na bajaji kuingia mjini, hasa treni ikifika usiku. Kama hilo halitoshi, kumbukeni Ubungo. Mwaka 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi. Stendi ni nzuri, ni kubwa, sibishi. Lakini mtu wa Temeke mwenye mizigo na watoto alianza kuamka saa nane usiku ili awahi basi la saa kumi na mbili.

Kuna hoja moja ya wahandisi ambayo naiheshimu. Wanasema treni ya mwendo kasi haitaki kona kali wala miteremko mikali, kwa hiyo huwezi kuipitisha popote unapotaka. Pia ardhi ya mjini ina nyumba za watu na fidia ni ghali. Ni hoja ya kweli. Ila Moshi ina kitu ambacho miji mingi haina, njia ya reli iliyopo tayari na uwanja mpana wa reli ambao si nyumba ya mtu. Treni ikiingia stesheni inapunguza mwendo, haihitaji kona ya kukimbilia. Na hata kama baada ya kupima na kupiga hesabu zote itaonekana njia kuu lazima ipite chini zaidi, bado stesheni ya mjini ina kazi: reli ya mita ibaki, treni ya kuunganisha itoke pale ikamfikishe abiria kwenye ile mpya. Wakenya wenyewe waliifufua reli yao ya zamani ya Nairobi hadi Nanyuki, na mwaka 2020 treni ya abiria ikarudi huko. Kwa nini kwetu kupata kipya lazima kuwe ni kuua cha zamani?

Na sasa Sanya Juu. Niliahidi.

Kwa nini treni haikupita kwetu? Ukiangalia ramani utaona reli ya kwenda Arusha ilikwenda chini, tambarare, mbali na barabara kuu ya leo. Ukipita barabarani kati ya Moshi na Boma Ng'ombe unayaona mabonde ya Karanga, Weruweru na Kikafu yalivyo marefu. Wajenzi wa reli wanayaogopa mabonde kama hayo, wakashuka yanakofifia. Sisi tulioko kilomita kama 25 juu ya Boma Ng'ombe tukabaki na barabara. Hata leo mahindi, maharage, viazi na karoti za Siha, pamoja na mbao za West Kilimanjaro, vinashuka kwa malori. Mwenye lori ndiye anayepanga bei ya safari. Mbolea na saruji vinapanda kwa malori hayo hayo, na tunavilipia ipasavyo.

Mimi siombi treni ipande Sanya Juu. Sijachanganyikiwa. Naomba kitu rahisi zaidi: stesheni ya mizigo na abiria huko chini ya Boma Ng'ombe iwe stesheni kweli kweli, yenye ghala, yenye mahali pa lori kuegesha, yenye ratiba inayojulikana. Lori litoke Sanya Juu, lishushe gunia kwenye behewa, lirudi kuchukua jingine siku hiyo hiyo, badala ya kwenda nalo mpaka Dar. Hicho ndicho kitu ambacho wakulima wa Siha tungepaswa kukidai kwenye kila mkutano wa hadhara, badala ya kugombea fulana na kofia.

Lakini gunia hilo likitoka Boma Ng'ombe linakwenda wapi? Linakwenda Moshi, kupangwa kwenye treni kubwa. Kwenye ule uwanja mpana ambao mnataka ukatwe viwanja! Ndiyo maana nimesema sisi wa mbali na reli tunahusika. Ukiua Moshi, huku juu tumekufa bila hata kuzikwa.

Kwa hiyo madai yangu ni haya, na naomba yeyote anayekutana na mbunge, diwani au mtu wa reli ayafikishe:

1. Mahali itakapojengwa stesheni ya SGR ya Moshi pazungumzwe hadharani kabla michoro haijafungwa. Wananchi waelezwe kila eneo linalofikiriwa liko umbali gani na mnara wa saa. Tusije tukaonyeshwa picha nzuri siku ya kuweka jiwe la msingi.

2. Eneo lote la reli pale Moshi lilindwe kisheria na kwa vitendo. Asipewe mtu hata kibanda cha "muda". Sote tunajua muda huo huwa hauishi.

3. Treni za Desemba na Januari zitangazwe mapema, Oktoba iwe mwisho, mabehewa yaongezwe, na tiketi ziuzwe kwa utaratibu ambao hauzai wakala wa pembeni. Krismasi haijawahi kubadilisha tarehe. Hakuna sababu ya kushtukizwa nayo kila mwaka.

4. Stesheni ndogo za njiani, ikiwemo ya kwetu chini ya Boma Ng'ombe, zipewe maghala. Reli inayopita bila kusimama ni kelele tu kwa mkulima.

5. Jengo la stesheni likarabatiwe likiwa linafanya kazi. Sitaki makumbusho ya treni yenye kiyoyozi na mtu wa kuniuzia kikombe chenye picha ya behewa. Nataka mlango wa tiketi, benchi la kukaa, choo kisafi na taa ya usiku.

Sasa wewe unayesoma hii ukiwa ofisini Posta, au Mikocheni, au huko ughaibuni kwenye baridi, usiniambie jambo hili halikuhusu. Huko ughaibuni unakoishi unashuka kwenye treni katikati ya jiji, unapiga picha za stesheni zao na kuziweka mtandaoni, unasema "wenzetu wamepiga hatua." Wenzetu wengi hawakuzihamisha stesheni zao. Walizibana hapo hapo mjini, wakazichimbia chini pale nafasi ilipokosekana, wakazipanua, wakazifanyia ukarabati, lakini hawakuzipeleka porini ili wauze viwanja. Na stesheni zao nyingi zimejengwa kabla hata babu zetu hawajaiona reli.

Wapo watakaosema hizi ni kelele za mwandishi kijana anayetafuta jina. Basi wanijibu kwa hoja. Wanionyeshe mji mmoja ambao abiria wake walifurahi stesheni ilipopelekwa mbali nao. Waniambie huyo mama wa Rombo mwenye mtoto mgongoni atafikaje huko nje saa tisa usiku, na kwa shilingi ngapi, na nani atamlinda njiani. Wakinijibu hayo matatu nitawasikiliza hadi mwisho. Wakishindwa, watuachie stesheni yetu mahali ilipo, waje na kokoto, mataruma na ratiba.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaobisha mbishe, ila mje na hesabu.